Kwa Baiskeli Hadi Kaole

Kazi ya zamu ina desturi zake, na mojawapo ni kwamba mke na mume waweza kutumia kitanda kimoja mwezi mzima bila ya kukutana ndani yake. Mimi ni muuguzi. Zamu zangu ni tatu, ya asubuhi, ya jioni na ya usiku. Mwenzangu ni fundi wa mitambo kiwandani, naye ana zamu zake, na ratiba yake na yangu hazijapata kuulizana hali. Tumeishi hivyo miaka 26. Watoto watatu wamezaliwa, wamesoma na wameondoka, na sehemu kubwa ya mazungumzo yetu imefanyika mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka: gesi imekwisha, mtoto ana homa, mwenye nyumba amekuja kudai kodi. Mambo ya namna hiyo mlango unayatosha. Yapo mengine ambayo mlango hauyatoshi, nayo huwekwa kando yakingoja siku ya nafasi.

La kwetu lilikuwa nyumba. Mwenzangu amebakiza miaka miwili kufikia umri wa kustaafu wa miaka 60, nami naweza kustaafu kwa hiari nikitimiza 55, yaani baada ya miaka mitatu. Siku zote tumekuwa wapangaji. Akiba tuliyo nayo yaweza kusimamisha nyumba moja, wala si mbili. Yeye ni mzaliwa wa Lushoto, kule juu kwenye ukungu, na kwa miaka minne sasa amekuwa akimpelekea kaka yake fedha za tofali na saruji. Hakuniambia kwamba tutahamia huko, nami sikumwuliza. Mimi ni mzaliwa wa Kunduchi, binti wa mvuvi, na mama yangu yu hai na anaishi palepale. Kila nilipoona ujumbe wa fedha zilizokwenda Lushoto nilihisi kwamba nimekwisha hamishwa, na vyombo vyangu vimekwisha pakiwa.

Ikatokea mwezi Julai siku zetu za mapumziko zikaangukiana, tatu mfululizo. Akasema, “Mama, twende Bagamoyo kwa baiskeli, tukalale ufukweni, turudi.” Nilidhani anatania, kumbe hema alikuwa amekwisha liazima.

Baiskeli mjini Dar es Salaam ina heshima ndogo. Mtu akikopa pikipiki husifiwa kuwa ameendelea. Akiendesha baiskeli isiyodaiwa na mtu, huulizwa kibarua chake kimepatwa na nini. Na mwanamke mwenye umri wangu akionekana juu yake, watu husimama. Hata hivyo baiskeli kwangu si ngeni. Nilijifunza nikiwa darasa la tatu, kwa Phoenix ya baba, ile nzito ya Kichina, yenye bomba la juu ambalo mtoto hawezi kulivuka. Watoto wa pale tulikuwa tukipenyeza mguu chini ya bomba, tukaendesha huku tumejipinda kama kamba wa baharini. Nilipovunja ungo mambo hayo yakakoma. Hakuna aliyenikataza kwa maneno, ila nilianza kupewa nauli. Hii niliyo nayo sasa ni ya mtumba kutoka Japani: bomba lake limeinama, kwa hiyo gauni halipati taabu, ina kikapu mbele, na gia tatu zinazofanya kazi siku zikipenda.

Kuhusu mizigo, ushauri wa fundi wa mtaani kwetu nautoa bure. Vitu vizito viwe chini, na uzito uwe sawa pande zote mbili za keria, maana baiskeli yenye mzigo juu huyumba kama mlevi kila unapopunguza mwendo. Tulipakia hema, mkeka, chandarua, sufuria moja, unga, chumvi, lita sita za maji, tyubu mbili za akiba, pampu, viraka na gundi. Vyote tulivifunga kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mpira wa namna hiyo hushika kuliko kamba, na ukikatika hukupa dalili kwanza.

Msafiri wa baiskeli hana budi kuuliza upepo kabla ya kuuliza umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilometa zisizozidi 70, na barabara yake yaelekea kaskazini-magharibi. Julai ni msimu wa kusi. Basi anayekwenda husukumwa mgongoni, na anayerudi hulipa deni hilo lote. Tuliondoka Mwenge saa kumi na moja alfajiri siku ya Jumamosi, hewa ikiwa ya ubaridi. Kanuni ya msafara ilikuwa moja: mimi mbele, yeye nyuma. Anayekwenda polepole ndiye apange mwendo, na mwenye macho mepesi akae nyuma kuyatazama malori. Nilikwenda kilometa za kwanza nikisikiliza cheni yake nyuma yangu. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikumbuki kama tulipata kwenda mahali kwa mwendo wangu.

Mtongani tulikata kulia tukaingia Kunduchi kumwamkia mama. Tulimkuta akichoma vitumbua.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nauli imepanda kiasi hiki?”

Mwenzangu akacheka, akamweleza safari. Mama akatufungia vitumbua kumi katika karatasi, akaviweka mwenyewe ndani ya kikapu changu. Kisha akamgeukia. “Mkwe, huyu utamrudisha?” Akajibu kwamba kesho mchana tutapita tena hapo. Mama akamtazama kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji, nami nikajishughulisha na mpira wa kufungia mzigo ambao ulikuwa umekwisha kaza.

Niseme neno juu ya Kunduchi kabla ya kupita. Njia niliyokuwa nikishuka nayo utotoni kwenda kuipokea ngalawa ya baba leo ina ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini ukuta hausomi sheria. Wapo watoto waliozaliwa Dar es Salaam, mji ulioko baharini, ambao bahari wameiona kwa kulipa kiingilio. Mtu akiniuliza kwa nini watu wazima wawili watoke jasho kilometa zote hizo kutafuta ufuko, jibu langu la kwanza ni hilo.

Tegeta ndipo penye kazi. Malori ya saruji huingia na kutoka kwenye kiwanda cha Wazo, ambacho kilianza kutoa saruji mwaka 1966, na kila lori hupita na upepo wake. Mlima wenyewe ni chokaa ya matumbawe ya kale. Kwa maneno mengine, nyumba nyingi za jiji hili zimejengwa kwa bahari iliyokauka. Hapo hatukutazama mandhari. Tulishika ukingo wa kushoto, tukanyamaza, tukakanyaga. Baada ya Bunju magari yakapungua, na tulipovuka daraja la Mto Mpiji, unaoutenga mkoa wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, nikasikia kwa mara ya kwanza sauti ya tairi zetu wenyewe.

Kuanzia hapo, Mapinga hadi Kerege, barabara imejaa vibao. Viwanja vinauzwa. Shamba linauzwa, ekari mbili. Shamba hili haliuzwi, ogopa matapeli. Kwa mwendo wa basi vibao hivi hupita kama miti. Kwa mwendo wa baiskeli huna njia ila kuvisoma kimoja kimoja, mpaka namba za simu. Nilivisoma vyote. Nyuma yangu cheni ya mwenzangu ilipunguza sauti kila penye kibao, nikajua kwamba naye anavisoma. Hakusema kitu, nami sikusema.

Tulipumzika Kerege chini ya mwembe, tukanywa madafu na kumaliza vitumbua. Akanitazama kama mtu anayetaka kusema. Kisha akainuka, akabonyeza tairi langu la nyuma, akasema linahitaji pampu.

Bagamoyo mjini tuliingia kabla ya adhuhuri. Mji huu umeandikwa sana nami sitaurudia: mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, makao makuu ya utawala wa Wajerumani kabla hayajahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, na misheni ambayo mwili wa Livingstone ulifikishwa Februari 1874 ukiwa umebebwa kutoka ndani ya bara na watu wake, Chuma na Susi wakiwa mbele yao. Kuhusu jina, bwaga moyo, wapo wanaosema ni la wapagazi waliofurahi kutua mzigo, na wapo wanaosema ni la watumwa waliokata tamaa. Tulikula wali na samaki, tukalala kidogo mkekani chini ya mti, kisha tukashika njia ya kurudi kusini, kilometa tano hivi, hadi Kaole.

Ndugu msomaji ambaye hajafika Kaole na afike. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa kale, yenye misikiti miwili, ambao mkongwe wao hukadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya mawe, mengine yakiwa na nguzo zilizopata kupambwa kwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Zamani bahari ilifika karibu. Leo mikoko imesimama mbele na bandari imekuwa tope. Biashara iliifuata bahari, ikahamia Bagamoyo. Tulilipa kiingilio, kijana mwongozaji akatuzungusha, akatuonyesha kisima na mbuyu, kisha akatupeleka kwenye kaburi ambalo husimuliwa kuwa ni la mke na mume. Walizama baharini, alisema, wakazikwa pamoja.

Kijana akaendelea mbele. Mwenzangu akabaki.

“Hawa hawakuulizwa,” akasema.

“Hawakuulizwa nini?”

“Wazikwe wapi.”

Ndipo nilipofahamu kwamba jambo nililolidhani kuwa la nyumba ya kuishi, kwake lilikuwa jambo jingine. Hatukuongeza neno pale. Mahali pa watu waliolala hapafai kwa mabishano, na jua lilikuwa limeanza kulala.

Hatukupiga hema kabla ya kupiga hodi. Mwenyeji wa eneo hilo, mjumbe wa mtaa, alitusikiliza, akatuelekeza kwenye sehemu ya ufuko iliyo wazi baina ya mikoko, ambako wavuvi wana dago lao. Neno hili watoto wetu wa mjini wamelipoteza. Dago ni makao ya muda ya wavuvi wanaomfuata samaki mbali na kwao: kibanda cha makuti, mafiga matatu, maji ya kunywa katika dumu, na desturi zake. Baba yangu alikuwa akienda dago majuma mengi kila mwaka. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kulala ufukweni ni mchezo wa watalii, waulizwe babu zao walikuwa wakilala wapi.

Mzee wa dago alimpokea mwenzangu kwa heshima kama mkuu wa msafara. Kisha akaniuliza mimi kwetu. Nikamtajia Kunduchi, na jina la baba, na jina la ngalawa yake. Akafikiri, akatikisa kichwa. Alipata kuiona ngalawa hiyo. “Basi mwenye dago ni wewe,” akasema. “Huyu ni mgeni.” Mwenzangu akacheka, lakini nilimwona akinitazama upya.

Kweli alikuwa mgeni. Alitaka kulipiga hema kwenye mchanga mweupe, mlaini, ulio tambarare kama kitanda. Nikamwonyesha mstari wa mwani, vijiti na chupa za plastiki uliokuwa juu ya mchanga ule. Usiku huo ulikuwa wa mwezi mpevu, yaani siku za bamvua, na bamvua ya pwani yetu huinua maji kiasi cha mita tatu na zaidi kutoka kupwa hadi kujaa. Siku kama hizo bahari hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na usiku, na hupwa kiasi cha saa nne au tano. Kitanda kile kilikuwa cha bahari. Tulipanda juu ya mstari hadi penye majani, tukapigilia vigingi, tukafunga chandarua ndani, maana mikoko ina mbu. Nikanunua changu wawili kwa wavuvi. Yeye akakusanya makumbi na vifuu vya nazi, nami nikasonga ugali. Mtu wa milimani huyu, ambaye nyumbani hajui sufuria zinakaa wapi, alimpaa samaki bila ya kuambiwa.

Ilipata saa nne ya usiku. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, ngalawa zimelala ubavu juu ya mchanga na mwezi umezimulika zote. Akaanza mwenyewe.

Alisema kwamba alipokwenda kumzika baba yake miaka minne iliyopita, watu walifika wengi, na jeneza likatolewa nyumbani kwa marehemu kama ipasavyo. Usiku wa matanga, mzee mmoja wa ukoo akamwuliza mbele ya watu: wewe likikufika, jeneza lako litatolewa nyumba gani? Hakuwa na jibu. Ana umri wa kuitwa babu, na nyumbani kwao hana hata mlango. Aliporudi Dar es Salaam alianza kupeleka fedha siku ileile ya mshahara.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ulikuwa zamu ya usiku.”

Alisema hivyo bila ya mzaha, na ilikuwa kweli.

Nami nikasema langu. Kwamba mama ana miaka 79 na hana binti mwingine. Kwamba Lushoto napapenda kwa juma moja, juma la pili maji ya kuoga yananiuma kama nge. Kwamba kule juu, nikifa, watakaoniosha ni wanawake ambao sijawaosha watoto wao, na lugha watakayoninong’onezea ni ya kwao. Nimewaosha maiti wengi katika kazi yangu, wengi wao wageni waliofia mjini, na kila mara huwa nayatazama majina yao nikijiuliza ni nani kwao anayejua. Jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza nyumba ya kule imefika wapi kwa hesabu yangu. Nikashangaa kwamba anaijua hesabu yangu. Nilikuwa nimeiweka kichwani, kila senti. Tukaihesabu pamoja kwa kuandika mchangani kwa kijiti, na ikaonekana kwamba kwa fedha zilizokwisha kwenda, kuta za vyumba viwili zimekamilika na cha tatu kimefika kwenye madirisha. Hapo ndipo tulipopatana. Vyumba viwili vya Lushoto vipauliwe, vitiwe mlango wenye kufuli, na cha tatu kiachwe. Tutakuwa tukikaa huko majuma machache kila mwaka, wakati usio wa baridi kali. Akiba inayobaki itatafuta kiwanja upande huu, kwa njia ya serikali ya kijiji na kwa mashahidi, wala si kwa namba ya simu iliyo kwenye kibao. Kuhusu kaburi tulibishana zaidi. Mwisho tulikubali kwamba atakayebaki ndiye atakayeamua, na kwamba ndugu wa pande zote mbili waambiwe mapema, kwa maandishi, ili siku hiyo pasiwe na mzee wa kuuliza maswali.

Saa kumi usiku akaniamsha kwa hofu. Maji yalikuwa yakisikika hatua chache kutoka miguuni petu. “Bahari imeingia!” Nikamwambia atoke atazame. Ilikuwa imefika kwenye mstari wa mwani, imesimama pale, na wavuvi wa dago walikuwa wakizisukuma ngalawa zao kwenye kina. Hakurudi kulala. Nilipoamka alfajiri nilimkuta ameketi juu ya mkeka, miguu mchangani, maji yamekwisha anza kurudi.

Kurudi kulikuwa kugumu kama upepo ulivyoahidi. Tuliondoka mapema kabla kusi haijachangamka, lakini ilipofika saa tatu ilikuwa usoni mwetu, na kanuni ya msafara ikabadilika. Kwa kilometa mbili yeye alitangulia kuukata upepo nami nikajificha mgongoni kwake, kisha nikatangulia mimi. Mapinga tairi lake la mbele likapata pancha. Alipokuwa akibandika kiraka, nilikwenda kumwuliza mama mwenye genge jirani ofisi ya kijiji iko wapi na hufunguliwa siku gani.

Kunduchi tulifika saa saba mchana. Mama alikuwa barazani. Mwenzangu akamwambia, “Nimemrudisha.” Mama akasema tuingie tule.

Barua kwa kaka yake tuliiandika Jumatatu asubuhi, nakala mbili, tukatia sahihi wote wawili. Majibu yalikuja baada ya majuma mawili. Shemeji hakupinga. Aliuliza tu mabati ya vyumba viwili yawe ya rangi gani, kijani au nyekundu, na akaomba safari hii jibu lipatikane upesi, maana kule mvua zinakaribia.